Mkuu bomba likivuja USILIBEBE, Profenofos haisubiri uinywe

Mkuu umeuliza hii dawa ya wadudu Profenofos 720 unaweka kiasi gani kwenye bomba la kupulizia la lita 16, inachanganyika na dawa ya ukungu au la, na unasubiri siku ngapi ndo uchume nyanya. Halafu kule mwishoni ukachomekea "bomba langu linavuja kidogo mgongoni ila nimeshazoea". Umezoea nini? Mi nilisema hivyo hivyo, siku chache mbele nikawa wodini nabishana na stendi ya dripu nikidhani ni shemeji yangu.

Nalima nyanya Ilula, Iringa. Msimu ule kantangaze, wale viwavi wa nyanya, walishaingia, majani yamechorwa michirizi shamba zima, nikakimbilia duka la pembejeo mfukoni nina hela ya mawazo. Chupa nzima siiwezi, jamaa akanipimia kwenye chupa ya soda. Nikamuuliza na glovu je? Akacheka mpaka akashika meza. "Hii ya wadudu bro, we kunywa maziwa kabla hujaingia shambani, sumu haikushiki." Nikanywa. Nusu lita nzima, nikajiona komando.

Washa, ule mpira wa mfuniko wa bomba, ilikuwa imekwisha, kwa hiyo kila nikiinama dawa inachuruzika mgongoni inashuka mpaka kwenye mkanda wa suruali, na kwa jua lile ule ubaridi niliuona raha, sikufichi. Nikapiga mabomba sita. Nikarudi home, maji hamna, nikavua shati nikalitundika kwenye msumari, nikala, nikalala na mgongo wangu vile vile. Asubuhi mistari ilibaki, nikachukua LILE LILE SHATI limekauka linanuka kama kitunguu saumu nikalivaa tena. Ukiniuliza kosa kubwa la maisha yangu ukiacha kumdhamini binamu mkopo, ni lile shati. Dawa ilikuwa imeingia usiku kucha, mi nikaongezea dozi, na nikiloa jasho inalainika upya inaendelea kuzama.

Saa kumi jioni nimekaa nje namwambia mke wangu washa taa. Akaniangalia. Taa ya nini na jua lile? Kumbe mboni zilishasinyaa zimebaki kama ncha ya sindano, mwanga hauingii. Mara mate yanajaa mdomoni hata sijala, jasho, machozi, tumbo likafunguka (nyie wenyewe mtajaza), misuli ya paja inacheza yenyewe kama simu inayotetemeka. Jirani kasema malaria. Mwingine akasema nimetupiwa kitu. Kifua kilipoanza kubana na makohozi yanakoroma ndo wakanipakia bodaboda.

Kufika, daktari anaomba chupa ya dawa asome lebo. Mke wangu akatoa chupa ya soda. Yule daktari aliiangalia ile chupa sitasahau. Bahati yangu alinusa shati akajua ni jamii gani. Nesi akavaa glovu, wakanichania nguo zote, wakaniogesha kwa sabuni kama marehemu, ndo atropini, dawa ya kupinga hiyo sumu, ikaanza, unachomwa na kuchomwa tena mpaka kifua kikauke. Hapo ndo nilipoanza kuongea na stendi.

Daktari alinieleza hivi. Mishipa ya fahamu ikitaka misuli au tezi ifanye kazi inaachia kemikali, na kuna kimeng'enya kazi yake kuifuta hiyo kemikali ili amri iishe. Hizi dawa za jamii ya fosforasi zinakibana hicho kimeng'enya, amri haiishi, kila kitu mwilini kinafanya kazi bila breki mpaka misuli ya kupumua inachoka. Mdudu anakufa hivyo hivyo. Ndo ukoo mmoja na zile gesi za vita, moja yao, tabuni, iligunduliwa Ujerumani 1936 na mkemia aliyekuwa anatafuta dawa ya wadudu. Alafu mtu ananiambia maziwa! Maziwa yanazuia nini wakati kitu kinapita kwenye NGOZI? Na hiyo dawa ina mafuta, imetengenezwa izame, ndo maana inapenya mpaka ndani ya jani. Siku ingine napita pale dukani bado anawaambia watu maziwa. Tuligombana mpaka wateja wakatoka.

Kulazwa siku sita, laki nne na ushee, na kantangaze nyuma wakamaliza shamba. Nikakatazwa kushika hizo dawa wiki kadhaa maana hicho kimeng'enya kinarudi polepole, ukiguswa kidogo tu kabla hakijarudi unaanguka haraka zaidi ya mwanzo. Washa nilikuja kuinunua buku.

Sasa shika hii moja: IKIKULOWESHA, UNAVUA HAPO HAPO. Siyo ukimaliza mstari. Shambani uwe na ndoo ya maji na sabuni kabla hujachanganya chochote, bomba ulijaribu kwanza na maji matupu, likitoa tone haliendi mgongoni. Nguo za dawa zinafuliwa peke yake, siyo beseni moja na za mtoto. Na akiimeza mtu usimtapishe, hiyo ina mafuta, yakipanda yanaweza kuingia mapafuni, mkimbizeni hospitali na chupa yenye lebo.

Kipimo na siku za kuchuma viko kwenye lebo, na kama yako haina lebo yenye namba ya usajili ya TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania) basi hujui hata umenunua nini. La ukungu nimesahau ulisema dawa gani.

Ila hujasema mara ya mwisho kupiga ni lini. Kama ni leo na hilo shati bado unalo mwilini acha kusoma hapa nenda kaoge.