Kwa wanasihi wanaoanza: utulivu kwanza, kidonda baadaye

Ninyi mnaoanza kazi ya unasihi Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, wengi wenu mmeshaona kwenye simu video za EMDR, tiba ya kiwewe (kidonda cha moyo kinachoachwa na tukio la kutisha) inayojulikana kwa miondoko ya macho. Mtaalamu anapeleka vidole kushoto na kulia, mteja anavifuata kwa macho, analia, halafu anasema amepata nafuu. Inavutia sana, naelewa. Kinachonisukuma kuandika ni kwamba hivyo vidole ndivyo vinavyotazamwa, na ile kazi inayotangulia, ya kumfundisha mtu kuutuliza mwili wake mwenyewe, inapitwa harakaharaka kama vile ni salamu tu. Kwa nilivyoifanya kazi hii ukanda huu, hiyo inayopitwa ndiyo inayoamua kama mteja atarudi wiki ijayo. Na kama hujapata mafunzo kamili ya EMDR chini ya msimamizi, ndiyo sehemu pekee unayopaswa kuigusa.

Njia yenyewe ilianza mwaka 1987, pale mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, alipokuwa akitembea bustanini akagundua kwamba mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yanapungua makali macho yake yanapokwenda huku na huku. Utafiti wake wa kwanza ulichapishwa mwaka 1989. Leo EMDR ina hatua nane, na si lazima itumie macho: wapo wanaotumia mlio unaosikika sikio moja kisha jingine, wapo wanaogonga viganja au mabega kwa zamu. Hicho ndicho tunachokiita msisimko wa pande mbili. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliitaja EMDR, pamoja na tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, kuwa miongoni mwa tiba za kufikiriwa kwa watu wenye msongo unaodumu baada ya kiwewe. Kwa hiyo mtu akikuambia ni mazingaombwe, usikasirike, mweleze.

Na mteja naye mweleze, tena kabla ya kuanza. Huku kwetu mtu akiambiwa akodoe macho kwenye kidole kinachopita mbele yake, anaweza kudhani anapumbazwa au anafanyiwa uganga. Akiambiwa akunje mikono kifuani, mwingine atadhani ni ibada, kwa sababu kanisani kwao watu wanaokwenda kupokea baraka hukunja hivyohivyo. Mimi husema wazi: "Mama, hili si dawa wala si maombi. Ni zoezi la kuusaidia mwili upoe. Utakuwa macho muda wote, na ukisema basi, tunaacha." Halafu namwonyesha mkono wa kusimamisha, kiganja mbele, tunaujaribu kabisa yeye na mimi. Mtu aliyefanyiwa jambo bila ridhaa yake anahitaji kuona kwa macho yake kwamba akisema basi, kweli inakuwa basi.

Kwa nini inasaidia? Maelezo yenye ushahidi mzuri ni haya: akili ina nafasi ndogo ya kushikilia mambo kwa wakati mmoja. Mtu akishika kumbukumbu chungu huku anafuata kidole au anahesabu mkono unavyogonga, kumbukumbu inakosa nafasi ya kuwaka kwa nguvu zake zote, na ikirudi kuhifadhiwa inakuwa imefifia kidogo. Sasa wengi hawafikirii upande wa pili. Kama msisimko hufifisha picha mbaya, unaweza kufifisha na nzuri pia. Watafiti wa Uholanzi waliyajaribu haya kwa miondoko ya macho na kumbukumbu za kupendeza, wakaona nazo zinapungua ung'avu. Ndiyo maana tunapojenga taswira ya utulivu, yaani picha ya mahali panapomtuliza mteja, tunagonga polepole, mara chache, tunasimama. Mizunguko mirefu ya haraka ni ya kuchakata kumbukumbu ya kiwewe, na hiyo ni kazi ya aliyefunzwa. Ukiona picha ya mteja inafifia au inachafuka, acha kugonga kabisa, baki na taswira peke yake. Hakuna hasara yoyote.

Mnaoishi kando ya barabara kuu ya Zambia mtakutana sana na watu wa ajali. Dereva yeyote wa lori anayeshuka Kitonga au mteremko wa Iwambi anajua gia nzito huingizwa juu, kabla ya kuanza kuteremka; ukingoja hadi mzigo umeanza kukusukuma, umechelewa. Kumbukumbu ya kiwewe nayo inateremka hivyo. Mteja awe tayari anajua kushika breki zake kabla hujamuuliza lolote kuhusu siku ile.

Sasa kikao chenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Chukua mama mmoja wa umri wa kati, mambo yake nimeyabadilisha ili asitambulike. Amekuja na PF3, fomu ya polisi ya kupelekea hospitali, imekunjwa ndani ya kanga. Habari yake ameshaisimulia polisi, ameisimulia kwa daktari, na shemeji zake wamemhoji. Usimwombe aisimulie mara ya nne. Msalimie vizuri, shikamoo yako itoke moyoni, mpe kiti kisichoupa mlango mgongo. Muulize kuhusu usingizi, chakula, watoto wako wapi sasa hivi, na kama anakokwenda kulala leo ni salama. Hilo la mwisho linatangulia taswira zote duniani. Kama mtu anayempiga yuko nyumbani anamsubiri, kazi yako ya leo ni Dawati la Jinsia na Watoto, ni afisa ustawi wa jamii, na kama kuna mtoto hatarini, ni namba 116, simu ya msaada kwa watoto. Kumfundisha mtu atulie mahali ambapo woga ndio unaomlinda ni kumnyang'anya ulinzi wake.

Tuseme usalama upo. Unamwambia: "Mama, tafuta mahali, pa kweli au pa kuwaza tu, ambapo mwili wako unapata nafuu. Usiharakishe. Macho unaweza kufumba, au ukaangalia pale sakafuni." Kisha nyamaza. Vijana wengi hapa ndipo wanapoharibu kwa wema: ukimya unawatisha, wanaanza kumpendekezea. Vitabu vingi vimeandikwa na watu wa nchi nyingine, kwa hiyo pendekezo huwa ufukwe wa bahari, mawimbi, mchanga. Mtu wa Makete ambaye bahari ameiona kwenye kalenda utamtuliza vipi na mawimbi? Hata vya kwetu si vya kubahatisha. Ziwa Ngozi kwa mgeni ni zuri ajabu, lakini aliyekulia Rungwe akisikia hadithi zake anaweza asipate utulivu wowote ukingoni pale. Mvua juu ya bati kwa mmoja ni usingizi mtamu, kwa mwingine ni usiku ule ambao alipiga kelele na majirani hawakusikia. Mwache achague mwenyewe.

Mama yetu akasema: jikoni kwa bibi, upande wa Tukuyu, wanachoma mahindi. Vizuri. Hapo unauliza ya mwilini na ya hisi, si ya historia: kuna harufu gani, moto uko upande gani, mikono yako imeshika nini, joto unalisikia wapi mwilini. Wewe mtazame. Mabega yameshuka? Pumzi imefika tumboni? Vidole vimeachia kanga? Uso unaweza kusema "vizuri" kwa heshima tu, maana watu wetu hawapendi kumwangusha aliyewakarimu. Mabega hayana adabu hiyo.

Halafu akaanza kulia, kwa sababu bibi alishafariki. Usiogope machozi, wala usikimbilie kumfuta. Muulize kwa upole: "Haya machozi yanauma, au yanaleta nafuu?" Akasema yote mawili. Basi picha ikasogezwa kidogo: saa ile kabla bibi hajaingia, yeye peke yake kwenye kigoda, mafiga matatu, moto, hindi mkononi. Pumzi ikarudi. Ndiyo maana mimi hupenda taswira isiyo na watu ndani yake, hasa mwanzoni. Binadamu hufa, huondoka, hugeuka. Mahali hapana tabia hiyo sana.

Pumzi ilipotulia ndipo likaja kumbatio la kipepeo. Zoezi hili limetoka Mexico. Lucina Artigas alilianzisha mwaka 1998 akiwahudumia watoto walionusurika kimbunga Pauline kilichopiga Acapulco mwaka uliotangulia. Mikono inapishana kifuani, kiganja cha kulia kikilala sehemu ya juu ya mkono wa kushoto, cha kushoto vivyo hivyo upande wa kulia, halafu viganja vinagonga kwa zamu kama mbawa, taratibu kabisa. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai mtu ameshajifunika kitenge na kujikumbatia, kwa hiyo mara nyingi mkao huo tayari anao. Gonga sita hadi nane, acha, vuta pumzi. "Sasa kuna nini?" Akisema kuna nafuu, rudieni mara moja au mbili, basi. Usiendelee kwa sababu imependeza.

Kinachonifanya nilipende zoezi hili kuliko mengine ni kwamba mteja anajigonga mwenyewe. Kama wewe ni mwanaume na mteja ni mwanamke aliyebakwa, usimguse goti wala kiganja, hata kama kitabu kimeonyesha mtaalamu akigonga. Hata kwa mwanamke na mwanamke, uliza kwanza. Akijifanyia mwenyewe, anatoka pale na kitu ambacho hakihitaji nauli ya kuja mjini.

Kisha mpe neno la kuitia ile picha. Alichague yeye, na kama linamjia kwa Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe, liache hivyohivyo. Si lazima wewe ulielewe. Mjaribu na kero ndogo: jirani aliyemjibu vibaya, mchele uliopanda bei. Afikirie kero, asikie mwili unavyobana, alitaje neno lake, arudi jikoni. Akiweza mara mbili tatu bila wewe kumwongoza, amejifunza. Kupima nafuu tunatumia sifuri hadi kumi, sifuri hakuna usumbufu, kumi ni usumbufu uliopitiliza. Wengine namba haziwaingii. Mwambie aonyeshe kwa vidole vya mikono yote miwili. Nimeona hata wazee wanaifanya vizuri kabisa.

Wapo ambao utulivu wenyewe unawatisha. Unamwambia apumzike, ghafla macho yanaganda, mikono inapoa, hakujibu, au anasinzia katikati ya sentensi. Huyo hajatulia, ameondoka. Acha taswira, acha kugonga. Mwite jina lake kwa sauti ya kawaida, afumbue macho, akanyage sakafu kwa nguvu, ataje vitu vitano anavyoviona chumbani, ashike kikombe cha chai ya moto, asimame mtembee hadi dirishani. Muulize leo ni siku gani na tuko wapi. Kwa mteja wa namna hii wiki za mwanzo zote zinaweza kuwa za kukanyaga sakafu tu, na ni kazi halali. Mpeleke kwa mwenye uzoefu zaidi yako. Wenye kifafa na wenye matatizo ya macho nao wasifanyishwe miondoko ya macho kabla ya kuongea na daktari.

Jambo jingine ni la siku za mwanzo baada ya ajali kubwa au moto sokoni. Utaitwa, mara nyingi na watu wenye haraka, ukae na manusura wote wasimulie walichoona ili "watoe yaliyo moyoni". Shirika la Afya Duniani halishauri kufanya hivyo kwa kila aliyenusurika. Siku hizo watu wanahitaji maji, blanketi, simu ya kuwapata ndugu, taarifa za kweli kuhusu waliolazwa, na mtu anayesikiliza bila kuchokonoa. Zoezi la kupumua au la kukanyaga ardhi linaweza kumsaidia anayetetemeka, lakini lisigeuke kisingizio cha kufungua mambo ambayo kesho hutakuwepo kuyafunga.

Hili la kufunga lizingatieni kwenye kila kikao. Zikibaki dakika kama kumi na tano, usiruhusu habari mpya nzito ianze. Mwambie kwa heshima: "Hilo ni kubwa, mama, tutaliwekea muda wake." Rudini jikoni kwa bibi, gonga zake sita, muulize vidole ni vingapi sasa. Kama bado ni vingi, hamalizi kikao. Anakaa, anakunywa maji, mnaongea habari za mahindi na bei ya mbolea hadi awe hapa kabisa. Nje kuna daladala, kuna bodaboda, kuna Mwanjelwa yenye kelele zake zote.

Zoezi la nyumbani liwe dogo: asubuhi na kabla ya kulala, wakati ametulia, si lazima asubiri hofu. Mweleze kabisa kwamba likimletea picha mbaya aache na akueleze siku mkionana. Na kama mteja wako ni bodaboda au dereva, mwagize asilifanye akiwa barabarani. Apaki pembeni kwanza, azime injini, ndipo akunje mikono.