Re: Nipo Kitengela, napenda nyota ila sina wenzangu, nianze na darubini gani?

Karibu sana ndugu yangu, ila hiyo darubini iache kwanza. Zile za bei rahisi zilizoandikwa "inakuza mara 500" utajuta, stendi inatikisika ukipumua tu na picha ni ukungu mtupu. Tafuta binokula (ile ya macho mawili) ya 10x50, yaani inakuza mara 10 na lenzi za mbele ni milimita 50, hata ya mtumba, egemea ukuta au gari mikono itulie, halafu elekeza kwa sayari ya Mshtarii (Jupiter), utaona vidoti vimejipanga pembeni yake, hiyo ni miezi yake ile minne mikubwa na kesho yake ukirudi imeshabadili mpangilio 😄 Kilimia nayo, kile kishada cha nyota (Pleiades), kwa macho unahesabu nyota sita hivi, kwenye binokula zinamwagika kibao. Mwezi uangalie ukiwa nusu, sio mpevu, maana pale kwenye mpaka wa giza na mwanga ndo mashimo yanaonekana vizuri.

Kwenye simu weka Stellarium, app ya ramani ya nyota, ya bure inatosha, ila punguza mwanga maana macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza na ukicheki WhatsApp mara moja tu unaanza upya.

Kuhusu wenzako, hapo Nairobi kuna Travelling Telescope ya kina Susan Murabana, wanazungusha darubini mashuleni na wanaandaa usiku wa kutazama anga, fuatilia kurasa zao. Nenda hata kama huna kifaa, utachungulia kwenye darubini kubwa za wenyewe ndo ujue unataka kununua nini, na namba za watu utazipata hapohapo kwenye foleni.