Degedege: kijiko mdomoni, moshi wa tembo na sindano inayoogopwa

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu ana mwaka 1 na miezi 4, kwenye kadi ya kliniki ana kilo 10. Jumapili alishinda na mafua, jioni mwili ukawa wa moto. Nikiwa nimembeba mgongoni nikasikia amekakamaa. Kumshusha, macho yamegeuka, mikono na miguu inatetemeka, povu linamtoka. Nadhani ilikuwa dakika 3. Mama mkwe alimmwagia maji ya baridi kichwani akamtia kijiko mdomoni, jirani akaenda kuleta kinyesi cha tembo tumfukize. Hospitali walipima malaria wakakosa, wakasema ni koo, tukalala siku moja tukarudi na panadol ya maji. Baba yake naye alipata degedege utotoni. Sasa majirani wanasema ni kifafa, eti akili itaharibika, na mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Je, nimpe panadol kila siku ili lisirudi? Mama wa Chanika.

Jibu: Marahaba, mama, na pole sana. Wazazi wengi wananiambia kwamba dakika zile waliamini mtoto ameshakufa, kwa hiyo usijione mwoga.

Nianze na hilo la sindano, maana ndilo linalozika watoto. Huku Pwani tumekua tukisikia kwamba degedege ni dege la usiku lililopita juu ya nyumba, kwa hiyo dawa yake iko kwa mganga na sindano ya hospitali inalikasirisha. Ukifuatilia hao watoto "waliouawa na sindano" utakuta habari inafanana: mtoto ana malaria kali au homa ya uti wa mgongo, anashinda akifukizwa na kuoshwa dawa, anafikishwa hospitali siku ya pili akiwa hajitambui, anachomwa sindano saa 4 na saa 6 amefariki. Mtaani wanakumbuka sindano. Zile saa 24 za kabla yake hakuna anayezihesabu.

Sasa kwa mwanao. Kati ya miezi 6 na miaka 5 ubongo wa mtoto bado unakua, na kwa baadhi yao joto la mwili likipanda, umeme wa ubongo unavurugika kwa muda mfupi. Hilo ndilo degedege la homa. Homa yenyewe mara nyingi inatokana na kitu kidogo: mafua, koo, sikio. Lile tunaloliita la kawaida linatikisa mwili mzima badala ya upande mmoja, haliendi zaidi ya dakika 15, halirudii ndani ya saa 24, na mtoto akishalala kidogo anaamka akimjua mama yake. Ulivyoeleza, na kwa kuwa wenzangu walimwona, wakampima na kukaa naye usiku kucha, la mwanao linaelekea huko. Degedege la namna hii haliharibu akili. Atatembea, ataongea na atasoma kama wenzake.

Kifafa ni kingine: mtu anaanguka mara kwa mara bila homa. Kati ya watoto 100 waliopata degedege la kawaida la homa, mmoja au wawili ndio huja kupata kifafa baadaye. Ni juu kidogo tu ya watoto wengine.

Kurudi linaweza. Karibu mtoto mmoja kati ya watatu hupata tena akipata homa nyingine, na wa kwako ana sababu mbili za kuongeza uwezekano huo: amepata kabla ya kufikisha miezi 18, na baba yake alikuwa nalo. Kwa hiyo siwezi kukuambia "limekwisha hilo". Afadhali ujue la kufanya.

Kwanza tazama saa. Simu unayo mkononi, angalia ni saa ngapi na dakika ngapi, kwa sababu hofu haijui kuhesabu na mimi nitakuuliza. Mlaze chini kwenye mkeka, mbali na jiko na ncha za meza, kwa ubavu, ili mate na matapishi yatoke badala ya kuingia kwenye mapafu. Legeza nguo shingoni. Usimshike kwa nguvu kumzuia asitetemeke. Kisha kaa naye umtazame: imeanza upande gani, macho yanaenda wapi, rangi ya midomo ikoje. Najua kukaa tu hivyo ni kugumu kuliko kukimbia, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Kijiko hapana. Ulimi haumezwi, umeshikwa chini ya mdomo. Kijiko kinang'oa meno na kuchana fizi, na kipande cha jino kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Kuna baba alinifikia na mtoto aliyekwisha amka, anatafuna biskuti, wakati yeye kidole chake kimefungwa khanga inavuja damu. Alikitumia kama kijiko. Nilimshona yeye, mtoto akiwa anatutazama.

Vilevile usimpe kitu chochote kwa mdomo mpaka aamke kabisa: si maji, si dawa, si titi. Maji ya baridi kichwani yanamfanya atetemeke kwa baridi, na mwili ukitetemeka unazalisha joto zaidi. Mvue nguo nzito, inatosha. Moshi nao, uwe wa tembo au wa ubani, unaingia kwenye mapafu ambayo wakati ule yanahangaika kupata hewa. Bibi yake mweleze kwa upole. Alikuwa anamwokoa mjukuu wake kwa alichokijua.

Likifika dakika 5 halijakoma, usingoje tena. Chukua bajaji, bodaboda, gari la jirani, chochote. Kituoni kuna dawa ya kulikatisha, diazepamu, ambayo kwa mtoto tunaipitisha njia ya haja kubwa, hata kutafuta mshipa hatuhitaji. Likikoma lenyewe kabla ya hapo, bado mpeleke siku hiyohiyo, hata usiku, hata akiwa anacheza. Kwa mwongozo tunaoutumia kwenye zahanati zetu, mtoto mgonjwa aliyepata degedege tayari ana dalili ya hatari, sawa na mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, au anayelegea na haamki vizuri. Kwa macho tu hakuna anayeweza kusema homa hii ni ya koo au ya malaria iliyopanda kichwani. Kile kipimo cha tone la damu kidoleni kinatoa jibu ndani ya nusu saa. Malaria ikionekana na mtoto hajitambui, au degedege limemrudia zaidi ya mara mbili kwa siku moja, hiyo ni malaria kali. Dawa yake ni sindano ya artesunate: ya kwanza papo hapo, nyingine saa 12 baadaye, nyingine saa 24, kisha akiweza kumeza anamalizia dawa ya mseto siku 3. Ndiyo hiyo sindano inayoogopwa.

Kuna ya pili inayoogopwa zaidi, ya mgongo. Tukikuta shingo imekakamaa, utosi wa mtoto mchanga umevimba, au usingizi hauishi, tutaomba kuchukua maji ya uti wa mgongo. Hapo ndipo baba wengi husema "mtamlemaza" na kuondoka na mtoto. Mgongoni kuna kamba ya mishipa ya fahamu, ndiyo, lakini inaishia juu ya mahali tunapochoma. Sisi tunaingia chini zaidi, kiunoni, penye maji na nyuzi zinazoelea, tunachukua matone machache. Ugonjwa wenyewe ndio unaoacha watoto viziwi na vilema ukicheleweshewa dawa. Mtoto aliyepata degedege la homa kabla ya miezi 6 ya umri, kwangu si la kawaida mpaka nithibitishe vinginevyo.

Sasa panadol. Kila siku, hapana. Hata wakati wa homa, imeshachunguzwa sana na haionekani kuzuia degedege. Mara nyingi degedege ndilo linalotangulia, mzazi anagundua joto baadaye, kwa hiyo usijilaumu kwamba ulichelewa kumpa. Mpe kwa sababu homa inamtesa, ili apate kunywa na kulala. Kwa kilo 10, ile ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5, anapata mililita 5 kila baada ya saa 6, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Soma chupa, nguvu zinatofautiana. Pima kwa kikombe au bomba lililokuja na dawa. Vijiko vya chai vya nyumbani kwako na vya kwangu havilingani, na panadol ikizidi siku kadhaa inaua ini. Aspirini usimpe kabisa. Na ukienda duka la dawa ukauziwa "ya kuzuia degedege" ya kunywa kila siku, rudisha. Hizo ni dawa za kifafa, zinamfanya mtoto asinzie na kubadilika tabia, na kwa degedege la kawaida la homa faida yake haifiki hasara.

Kitu kimoja hukuuliza, lakini nimehesabu umri wake. Miezi 18 inakaribia, na chanjo ya pili ya surua na rubela inakuja. Chanjo hiyo inaweza kuleta homa, kwa kawaida wiki moja hadi siku 12 baada ya kuchomwa, na homa hiyo inaweza kuamsha degedege kwa mtoto kama wako. Asiikose kwa sababu hiyo, maana surua yenyewe inaleta homa kali zaidi, na degedege pia. Mwambie muuguzi wa kliniki yaliyotokea Jumapili, aandike kwenye kadi. Siku hizo panadol iwepo nyumbani, na dada anayebaki naye mchana awe ameshaonyeshwa jinsi ya kumlaza kwa ubavu. Mfanyie mazoezi na mdoli, hata kama atacheka.