Bibi hakuogopa kufa, alimwogopa babu

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, imani ya maisha baada ya kifo imezaliwa na hofu ya kufa?", limenikuta napiga msasa jeneza. Mimi ni seremala hapa Tukuyu, mwaka wa 19 sasa, na vitanda na makabati sipati oda nyingi kama ninazopata hizi nyingine.

Jibu langu ni hapana. Wafiwa huniletea kamba waliyompimia marehemu, imepigwa fundo pale kisigino kilipoishia. Nikishaipokea, mara nyingi kuna mmoja anabaki nyuma, anasubiri wenzake watangulie, halafu ananong'ona: "Fundi, ongeza kidogo miguuni, mzee hakupenda kubanwa." Huyo haogopi chochote. Amezoea kumtunza baba yake na hajui namna ya kuacha. Wazee wetu Wanyakyusa walizungumza na abasyuka, wale waliotangulia, kwa namna hiyo hiyo, kabla wamisionari Wamoraviani hawajafika Rungwe mwaka 1891. Waliwaomba, na walipokosewa waliwalalamikia kama unavyomlalamikia shemeji.

Tena kama ni hofu iliyotunga habari hizi, ilitunga vibaya. Fungueni Mhubiri 9:10: huko kuzimu "hakuna kazi, wala shauri, wala maarifa, wala hekima". Nani anajifariji kwa hayo? Kijana wangu aliye chuoni ananiambia kulikuwa na Mgiriki aitwaye Epicurus, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliyefundisha kwamba mtu akifa hana hisia tena, hivyo hakuna sababu ya kuhangaika. Sehemu ya dawa yake ilikuwa kuwatoa watu hofu ya adhabu za huko ng'ambo. Maana yake waliokuwa na imani ndio waliokuwa wanatetemeka. Hapo nikamkumbuka bibi.

Bibi mzaa baba alifariki mwezi wa saba 2003, na baridi yetu ya mwezi wa saba mnaijua. Tulimhamishia jikoni, karibu na moto wa kuni, kwa sababu nyumba kubwa ilikuwa kama maji ya mtoni. Alikuwa mzee wa kanisa, mwimbaji wa sauti ya pili, na kwenye misiba ya wengine ndiye aliyekuwa akiwanyamazisha wanaolia kupita kiasi. Mchungaji alikuja jioni, koti limelowa, akaketi kwenye kigoda akamuuliza, "Mama, moyo umetulia? Huogopi?"

Bibi akasema, "Kufa siogopi, mchungaji. Namwogopa mzee."

Mzee ni babu, aliyekuwa kaburini tangu 1986. Kabla hajafa alimwachia neno moja tu: lile shamba la bondeni, kando ya mto Kiwira, lisiuzwe, kwa kuwa baba yake na babu yake wamelala pale chini ya migomba. Bibi aliliuza 1994. Aliliuza ili nilipiwe ada ya bweni. Nami nikarudi na divisheni foo ya pointi 28, ndipo nikapelekwa kujifunza useremala.

Mchungaji akamtuliza kwa Maandiko, kwamba huko watu hawaoi wala hawaolewi. Bibi akamtazama kwa huruma kabisa. "Wewe humjui," akasema.

Mchungaji alipoondoka, bibi akaniita. "Mume wangu, njoo uhesabu." Akafungua fundo la kanga. Noti zilikuwa zimelainika kama kitambaa, zinanuka moshi. Nilihesabu mara mbili kwa mwanga wa moto: shilingi 11,400. Alikuwa akiuza ndizi mbivu sokoni na kudunduliza kidogo kidogo ili alikomboe shamba. Tulijua sote wawili kwamba pesa ile haitoshi hata hatua kumi za ardhi. Alichotaka ni kwamba babu akimuuliza, awe na la kujibu: nimeanza. Akafunga tena fundo, akalala. Siku ya tatu akaondoka. Zile 11,400 zilinunua sukari ya msiba, na mimi ndiye niliyetumwa dukani.

Nisamehewe kwa kurefusha. Nilikusudia kuwaeleza pia habari za fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudi Kalenga mwaka 1954, baada ya miaka mingi Ujerumani, lakini nafasi nimeila na bibi.

Sasa nikiandika haya naona nimejikanyaga. Mimi mwenyewe, niwe mkweli, kanisani nakwenda kwa ajili ya mke wangu. Mkiniuliza mchana, nikiwa na randa mkononi, nitawaambia mtu akifa amekwisha, naona ninavyoviona. Lakini mwaka juzi nilikuwa natoka Mafinga kuangalia mbao za paini, kosta tuliyopanda ikakataa breki pale Mlima Nyoka. Watu waliita Yesu, wengine waliita mama zao. Mimi sikuwaza watoto wala mbingu. Niliwaza: bibi ataniuliza ile sukari. Dereva akaibamiza gari kwenye ngema ya udongo, tukatoka na michubuko, na miguu yangu haikutulia mpaka Uyole.

Basi kwa upande wangu inabidi nijibu ndiyo, ni hofu, maana kabla ya breki kukataa bibi hakuwa akiniuliza chochote. Ila sina hakika kama ni ile mnayoisema nyie, na mtu asiye na deni huenda akawaza mengine kabisa. Upande wa bibi simo. Yeye aliamini hata akiwa mzima, tena akicheka.

Mwezi uliopita nilishuka bondeni. Mnunuzi alishafariki, shamba analo mwanawe, migomba imeng'olewa yote na sasa ni parachichi mpaka mtoni. Bei aliyonitajia siiandiki hapa. Nimemwomba anikatie pale penye makaburi tu, hatua ishirini kwa ishirini. Amesema nirudi akishavuna.