Stopu-mosheni nyumbani: anza na taa, mwanasesere atasubiri

Nilipojaribu stopu-mosheni kwa mara ya kwanza, yaani kuhuisha vitu kwa picha moja moja, wiki mbili nzima ziliishia kwenye kufinyanga mwanasesere. Nilimwekea vidole, kope, hata vifungo vya shati. Nikamsimamisha mezani karibu na dirisha, simu nikaiegemeza kwenye rundo la vitabu, nikapiga picha mchana kutwa. Jioni nikazichezesha. Mwanasesere alitembea, ndiyo, lakini chumba kizima kilikuwa kikiwaka na kufifia kama taa yenye waya uliolegea, na meza ikirukaruka. Mawingu yalikuwa yakipita mbele ya jua, simu ikijirekebishia mwanga yenyewe kila picha, na kila nilipogusa kioo, vitabu vilisogea kidogo.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, nitakwambia: anza na vile visivyotakiwa kusogea.

Funga mapazia, washa taa ya mezani, mbili kama unazo, na usiziguse hadi umalize. Vaa nguo ya rangi iliyokolea, kwa sababu shati jeupe hurudisha mwanga mezani na ukibadilisha mahali pa kusimama, mwanga nao hubadilika. Mimi nina sehemu yangu moja ya kusimama na hurudi hapo kila kabla ya kupiga. Simu ikae kwenye stendi, na miguu ya stendi ibandikwe kwa selotepu. Kisha funga fokasi, yaani ukali wa picha, na mwangaza, ili simu isivibadilishe yenyewe. Simu nyingi hufanya hivyo ukishikilia kidole juu ya kioo kwa muda. Wakati wa kupiga usiguse simu. Tumia rimoti ndogo, au kitufe cha sauti kwenye spika za masikioni zenye waya, kama simu yako inakubali.

Programu ya kuanzia isikusumbue. Stop Motion Studio inatosha kabisa. Hakikisha tu unatumia ile sehemu inayoonyesha picha iliyopita kama kivuli juu ya picha mpya, maana bila hiyo utakuwa unasogeza kwa kubahatisha.

Sinema huenda kwa fremu, yaani picha, 24 kwa sekunde, lakini picha 12 kwa sekunde zinatosha na jicho linaridhika. Filamu ya sekunde 10 ni picha 120. Ya kwanza isizidi hapo.

Na mhusika? Chukua sarafu. Au kijiko, au kifuniko cha chupa. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, Ladislas Starevich alitengeneza filamu nchini Urusi kwa wadudu waliokufa, miguu akiiunga kwa waya, na watu walikaa wakatazama. Uhai unatoka kwenye mwendo, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Ukiisogeza sarafu milimita 5 kila picha, kuanzia mwanzo hadi mwisho, itateleza kama inavutwa na uzi. Sasa jaribu hivi: milimita 1, kisha 2, kisha 4, halafu 8 kwa picha kadhaa, kisha ushuke tena 4, 2, 1. Ghafla sarafu ina uzito. Iache isimame kwa picha 6 kabla haijageuka, na anayetazama ataapa kwamba inafikiri. Nilirudia zoezi hilo moja kwa siku nne na sikuchoka.

Ukifika kwenye kufinyanga, tafuta plastisini, ule udongo wa kuchezea wenye mafuta, maana haukauki. Udongo wa maji hupasuka katikati ya kazi. Ndani weka mifupa ya waya wa alumini, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, kwa kuwa waya wa chuma hupenda kurudi ulikotoka. Nyayo ziwe pana, na uzigandishe mezani kila hatua. Kufumba na kufumbua jicho kunahitaji picha mbili au tatu tu.

Yule mwanasesere wa vifungo alirudi mezani baada ya zoezi la sarafu. Alipiga hatua sita, na ukuta nyuma yake haukubadilika rangi hata mara moja.