Kabla hujauza vitabu ununue boda

Mwalimu mwenzangu, umeuliza sisi wakongwe tunabakije darasani wakati wewe mwaka wa pili tu moyo umechoka. Nafundisha historia huku Arua, Uganda, na barua ya kuacha kazi niliwahi kuiandika.

Ilikuwa 2022. Shule zilifunguliwa Januari baada ya karibu miaka miwili ya korona, madarasa yakafurika. Kisha bajeti ikampa mwalimu wa sayansi mwenye digrii milioni 4 kwa mwezi, sisi wa sanaa tukabaki na kama robo yake. Juni tuligoma kwa wito wa chama chetu, UNATU, tukarudi na mshahara uleule.

Niliyabeba vibaya. Jioni kwete, pombe yetu ya kienyeji, Jumatatu malaria. Malaria yangu ilikuwa na adabu, haikunishika hata mara moja siku ya mshahara.

Aliyenirudisha ni mwalimu wa fizikia, yuleyule wa milioni 4, ambaye nilikuwa nimeacha hata kumsalimia. Siku moja alichukua rundo la karatasi za mtihani za Senior 3 (kidato cha tatu) mezani kwangu, akaondoka nalo bila neno. Ijumaa zikarudi zimesahihishwa kwa kalamu ya kijani. Mtoto mmoja alikuwa ameandika kwamba Lugard, yule afisa wa Kiingereza, alifika Buganda 1980, naye kampa maksi zote! Nilicheka hadi machozi, nikakaa kurekebisha (ni 1890, jamani), na Jumatatu nikaingia darasani. Naibu mkuu wa shule naye hakunihubiria, alinipunguzia tu vipindi viwili vya mchana.

Ndiyo maana neno "pole" peke yake silihesabu kuwa msaada. Msaada ni mtu kukushikia kazi. Tena upo msaada unaoongeza mzigo: niliwadhamini wenzangu watatu mkopo wa SACCO, chama chetu cha akiba na mikopo, mmoja akahama wilaya, na makato yakaniangukia mimi. Kudhamini nimeacha.

Mshahara bado unaniuma, sikudanganyi, na rafiki halipi ada za watoto. Ila ukimwambia mtu "nimechoka" atakujibu "sote tumechoka". Mwambie "nishikie kipindi cha Alhamisi, nami nitakushikia chako". Kama hapo shuleni hakuna hata mmoja wa kumwambia hivyo, omba uhamisho kwanza. Hiyo boda haitakimbia.

Meza ya jirani yako ofisini anakaa nani?