Mkojo unachoma, na mke mjamzito anakuja Jumamosi

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 27, nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, mzigo nafuata visiwani. Wiki mbili zilizopita nililala na mwanamke kwenye kambi ya wavuvi huko bila kondomu. Siku mbili baadaye nikaenda Magu kwa mke wangu, tukalala pamoja. Siku ya nne mkojo ukaanza kuchoma kama pilipili, kisha usaha wa njano. Wenzangu wengine wanasema ni UTI, wengine kichocho kwa kuwa nashinda majini. Nilinunua vidonge duka la dawa, nikameza siku mbili, usaha ukapungua, ila kila asubuhi bado kuna kitone cheupe. Mke wangu ana mimba ya miezi sita na anakuja Jumamosi. Yeye hana dalili yoyote. Naweza kumsagia dawa kwenye uji asijue?*

Marahaba, mwanangu. Naanza na huo uji, maana umenitisha kuliko usaha. Usimsagie mkeo chochote. Dawa ambayo wanaume wengi wenye tatizo lako hupewa ni doksisaiklini, na mjamzito wa miezi hiyo hapewi, kwa sababu inaweza kuharibu meno na mifupa ya mtoto aliye tumboni. Hata ingekuwa dawa salama, mwili ni wake. Lazima ajue anachokinywa na kwa nini.

Sasa wewe. Unavyoeleza, mrija wa mkojo umevimba kwa ndani, na kijana anayetokwa na usaha siku nne baada ya kulala na mtu bila kinga hufikiriwa kwanza maambukizi ya zinaa. Kisonono, hiyo gono mnayoitaja kijiweni, mara nyingi hujitokeza ndani ya siku 2 hadi 5, na usaha wake ni mzito, wa njano. Klamidia huchelewa, wiki 1 hadi 3, na majimaji yake ni mepesi au meupe. Wengine hawaoni chochote. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kwa hiyo hicho kitone cha asubuhi huenda ni klamidia, au ni kisonono ambacho dozi nusu imekituliza bila kukimaliza. Kichocho cha mkojo huonekana zaidi kwa damu, si usaha, na kile kilichoenea ufukweni mwa ziwa letu ni cha matumbo. Hiyo UTI nayo si kawaida kwa mwanaume wa umri wako, ingawa siku hizi kila mkojo unaouma hubandikwa jina hilo.

Nenda kituo cha afya kesho asubuhi, au hospitali ya Sekou Toure kama Kirumba unaogopa kukutana na watu wanaokujua. Kaa angalau saa moja au mbili bila kukojoa kabla ya kupimwa, kwani unaotakiwa ni ule mkojo wa mwanzo kabisa. Beba na paketi ya vidonge ulivyomeza. Kama kituo hakina kipimo cha klamidia, mhudumu atakutibu kwa kufuata dalili, kisonono na klamidia kwa mpigo. Usidhani anabahatisha, huo ni utaratibu unaokubalika. Kwa kawaida ni sindano ya seftriaksoni, na doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7. Meza zote, kwa maji mengi, hata usaha ukikauka siku ya pili. Vijidudu vya kisonono vimeshakuwa sugu kwa dawa kadhaa za zamani, siprofloksasini ikiwemo, na dozi za siku mbili mbili zinazidisha usugu huo. Ukimaliza dozi na kitone bado kipo, rudi. Kuna vimelea vingine vinavyohitaji dawa tofauti. Korodani ikivimba au kuuma, ukipata homa, au mkojo ukikataa kutoka, usingoje kesho.

Pima pia kaswende na VVU. Mrija wenye kidonda na usaha hurahisisha njia ya virusi. Sisi wa Mwanza tunapaswa kulijua hili kuliko wengine: utafiti uliofanyika katika vijiji vya mkoa wetu, matokeo yakatoka mwaka 1995, ulionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Kwa tukio la wiki mbili zilizopita, kipimo cha leo pekee hakitoshi. Uliza tarehe ya kurudia, uishike.

Najua kinachokukaba ni mkeo. Kutokuwa na dalili si ushahidi kwamba yuko salama. Wanawake wengi wenye klamidia au kisonono hawajisikii chochote. Asipotibiwa, mtoto anaweza kuambukizwa wakati wa kuzaliwa, macho yakajaa usaha, na kisonono cha macho kinaweza kumpofusha. Mjamzito ana dawa zake zilizo salama, ila anayezitoa lazima ajue kuwa ni mjamzito.

Mwambie kabla hajapanda gari, au Jumamosi hiyo hiyo kabla ya usiku, mkiwa wawili tu. Sema: "Mke wangu, nilikosea kambini, nimeugua, nimeanza dawa. Nataka wewe na mtoto mtibiwe." Usimtupie lawama ya nani kaleta. Atalia, huenda atarudi kwao kwa muda, na ana sababu. Ukiogopa kusema peke yako, mwombe mhudumu akusaidie. Wamezoea kuwaita wenza. Yule wa kambini naye apelekewe habari, kwa siri na bila kumtukana.

Mpaka nyote wawili mmalize dozi, zipite siku 7 tangu mtibiwe na dalili ziishe, msilale pamoja. Jumatatu mpeleke kliniki ya wajawazito wewe mwenyewe, na kama foleni ni ndefu, kaa naye.